Panya wa Miguu Miwili

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba, nipeni masikio yenu kidogo. Na ninyi mliokaa karibu na mlango, acheni kuangalia mawingu. Mvua hiyo ikija, itatukuta humu humu.

Kulikuwa na mama mmoja huko milimani, mjane, tumwite Nakiete. Alikuwa mtu wa ibada, mtu wa usafi. Uwanja wake ulifagiwa kabla jua halijapanda. Mwanawe alikuwa fundi wa mitambo, na kazi ilimhamisha kila mara. Akaoa binti kutoka upande wa pili wa nchi, tumwite Koku, akamleta nyumbani akae na mama wakati yeye yuko kazini mbali.

"Mama, huyu ni mwanao," alisema.

"Karibu, mwanangu," mama akaitika.

Mdomo ulikaribisha. Lakini moyoni alikuwa akijiuliza: Kwao ni wapi hasa? Mama yake ni mtu wa namna gani? Mbona anacheka na kila mtu? Mnaijua hali hiyo. Mgeni akikaa kimya, tunasema anaficha jambo. Akiongea, tunasema anatuchimba.

Haukupita mwezi, vitu vikaanza kupungua. Karanga zilizokuwa kwenye kapu zikashuka. Sabuni ya mche iliyoachwa dirishani ikakutwa imemegwa pembeni. Maharage ya mbegu, yale ya kupanda, mfuko ukakutwa umefunguka kwenye kona na punje zimetapakaa sakafuni. Nakiete akaanza kutazama. Koku akiingia jikoni, mama yumo nyuma yake, eti anatafuta kijiko. Koku akitoka na kikapu kwenda shambani, mama anakipima kwa macho.

Siku moja jioni alisawazisha unga kwenye ndoo, akabandika kiganja chake juu yake, kikaacha alama nzuri ya vidole vitano. Akajisemea, nitajua tu. Asubuhi akakuta alama imevurugwa.

Ndugu zangu, kama angeinama kidogo tu, angeona kwenye unga ule nyayo ndogo ndogo na mstari wa mkia. Lakini aliinama wapi? Alikuwa ameshapata jibu hata kabla hajauliza swali.

Koku mwenyewe alimwendea. "Mama, humu ndani tuna panya. Nimewaona wakishuka kutoka darini, na nyuma ya jiko kuna tundu, mkono wangu unaingia. Tukiliziba kwa saruji, na unga tukautia kwenye ndoo yenye mfuniko..."

"Panya?" Nakiete akamkatiza. "Nyumba hii nimeishi miaka thelathini. Kabla hujaja, panya hao walikuwa wapi?"

"Labda walikuwepo, mama, ila..."

"Panya ninayemjua mimi ana miguu miwili."

Koku akaenda kuchota udongo, akaliziba tundu la jikoni peke yake kwa mawe na udongo. Maji yake ya kunywa akayachemsha na kuyafunika. Mama akamtazama akifunika yale maji, akashtuka: mbona anafunika ya kwake tu? Anajua nini kuhusu ya kwangu?

Mnaona mambo yanavyokwenda? Mtu akishaingiwa na shaka, hata mfuniko wa sufuria unakuwa ushahidi.

Ndipo Nakiete alipofanya alichofanya. Alihamisha chakula chote kutoka jikoni. Unga, karanga, mbegu, hata mtungi wa maji, vyote akavipeleka chumbani kwake. Vya kula akavitia kwenye sanduku lake kubwa la nguo, la mbao, chini ya kitanda, akapiga kufuli, ufunguo akaufunga kwenye uzi na kuuvaa shingoni. Kila siku alimpimia Koku unga wake kwa kibaba, kama mfungwa. Yeye mwenyewe akawa anapika kidogo pembeni, anakula peke yake, anakunywa maji ya mtungi wake. Na akalala akiwa na amani. Alisema, sasa nimemweza.

Baada ya wiki tatu hivi, Nakiete akaamka na homa. Kichwa kinapasuka. Misuli ya miguu inauma mpaka hawezi kusimama. Siku ya nne macho yake yakageuka rangi, yakawa ya njano kama kiini cha yai la kienyeji. Koku akamletea uji. Akageukia ukutani.

"Kunywa hata kidogo, mama."

"Kunywa wewe kwanza."

Koku akanywa mbele yake. Mama bado akakataa. Akaagiza aitwe wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na wifi alipofika akanong'onezwa, "Amenilisha kitu. Sijui lini, ila amenilisha."

Wifi hakuuliza mara mbili. Akatoka uani, akamkuta Koku anasuuza vyombo. "Fungasha vyako. Basi la asubuhi halijapita."

"Shangazi, mama anaumwa. Apelekwe zahanati."

"Tutampeleka sisi. Wewe ondoka."

Majirani walikuwa wamesimama kwenye vijia wakitazama. Hakuna aliyemsaidia hata kubeba begi. Na yule wifi, alimpeleka mgonjwa zahanati? Hapana. Alisema tumchemshie majani kwanza, tutoe sumu. Siku nzima ikapita hivyo, mgonjwa anazidi kuzama.

Saa kumi jioni, pikipiki ikaingia uani. Alikuwa daktari wa zahanati, na nyuma yake bwana afya. Daktari akamtazama mgonjwa macho, akamminya misuli ya miguu, akauliza taratibu, "Mama, chakula chako nani anakigusa?"

Wifi akadakia, "Mkwe wake! Ndiye aliye..."

"Namuuliza mgonjwa."

Nakiete akajibu kwa shida. "Hakuna. Nakiweka humu. Nafunga mwenyewe."

"Na maji?"

"Yale pale."

"Yule binti aliwahi kuingia chumba hiki?"

Nakiete akatikisa kichwa. Hapana. Hata mara moja.

Bwana afya akavaa glovu, akapiga magoti, akavuta sanduku. Kufuli lilikuwa zima kabisa, linang'aa. Lakini upande wa nyuma, ule ulioelekea ukutani, ubao ulikuwa umetafunwa, tundu la kupitisha ngumi. Alipofungua kwa ufunguo wa Nakiete, kule nyuma chini ya mifuko kitenge cha mama cha Jumapili kilikuwa kimekatwakatwa vipande, na katikati ya vipande hivyo kulikuwa na vitoto vya panya saba, vyekundu, havijafungua macho. Mavi ya panya yalikuwa kwenye unga. Yalikuwa kwenye mdomo wa mtungi. Tundu la jikoni lilikuwa limezibwa, na chakula kilikuwa kimehamia chumbani. Nao panya wakakifuata kilipokwenda.

Wifi akachukua ufagio haraka. Bwana afya akamzuia. "Usifagie kukiwa kukavu, mama, utavuta vumbi lake. Tunalowesha kwanza kwa maji yenye dawa." Daktari akaeleza kwamba anashuku ugonjwa unaobebwa na mkojo wa panya, unaingia kwa maji, kwa chakula, hata kwa mchubuko wa ngozi, kwamba dawa ipo, ila angechelewa siku mbili zaidi, figo zingesimama.

Nakiete akamshika mkono. "Daktari, nani alikuita?"

"Binti mmoja mwenye begi. Alipita zahanati asubuhi, nilikuwa nimekwenda kuchanja watoto kijiji cha pili. Akaningoja mpaka saa tisa. Akaniambia, 'Mama mkwe wangu anaumwa, macho ni ya njano. Hapokei kitu kutoka mkononi mwangu, nenda wewe. Na ukifika, angalia panya.'"

"Yuko wapi sasa?"

"Basi lake lilikuwa limemwacha. Akaondoka na lori la viazi."

Nakiete alilazwa siku kumi na mbili. Alipoweza kukaa, aliomba simu, akapiga. Koku akapokea. Mama alikuwa amepanga maneno mengi, yote yakamkimbia, akabaki analia tu. Na Koku upande wa pili akauliza, "Mama, umekula?"

Alirudi baada ya mavuno. Hakurudi haraka, wala mimi simlaumu. Siku aliposhuka, Nakiete alikuwa amesimama kituoni mbele ya majirani wale wale. Alichukua begi la mkwe wake, akajitwisha kichwani, akatembea nalo mpaka nyumbani bila kumruhusu mtu kumpokea.

Sasa, sisi. Usiniambie ni habari ya Nakiete. Nani humu ndani ameshahesabu makosa ya mkwe wake wiki hii? Nani anamvizia jirani, anachunguza jikoni kwa mwenzake, na hajawahi kuinama kuangalia chini ya kitanda chake mwenyewe?

Nendeni nyumbani leo mkaangalie. Namaanisha kweli, kwa mikono yenu. Zibeni matundu, funikeni maji, inueni unga kutoka sakafuni, msiache mabaki ya chakula yalale wazi. Mwenye homa apelekwe kwa daktari, asipelekwe kwenye kikao cha ukoo.

Na kama kuna mtu uliyemwita mwizi, uliyemwita mchawi, kwa sababu tu alitoka mbali na wewe ulitaka awe hivyo, usisubiri kulazwa ndipo umpigie. Mimi nitanyamaza hapa dakika moja. Kila mmoja wetu anajua ni jina la nani limemjia kichwani.