Hodi ya Askari

Wapendwa, acheni kwanza kutazama saa, maharage ya nyumbani hayataungua. Nina kijana mmoja nataka mkutane naye.

Kijana huyo alikuwa askari, umri wake miaka kumi na saba, katika nchi moja ya milimani iliyokuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe. Asubuhi moja mkubwa wake akamwonyesha nyumba kwa kidole. "Ile ya mwisho kule juu ni ya maadui. Nenda. Asitoke mtu hai."

Akapanda kilima, jasho linamtiririka ingawa kulikuwa na baridi. Kuua mtu ana kwa ana hakuwahi. Akafika mlangoni. Alitakiwa kuuvunja kwa teke. Sasa sikilizeni alichofanya! Malezi ya mama yake yakamtoka mdomoni kabla hajajizuia: "Hodi!"

Msicheke. Nani kati yetu alilelewa kuingia nyumba ya watu kimya kimya? Yeye mwenyewe aliona aibu, akauma midomo. Na kabla hajajua afanye nini, sauti ya bibi kizee ikajibu kutoka ndani: "Karibu, mjukuu wangu. Pita, mlango uko wazi."

Lo! Akaingia. Bibi yuko jikoni, wajukuu zake watatu wamejibana nyuma yake, wadogo kabisa. Bibi akamsogezea kigoda, akampa kikombe cha uji. Kijana akajikuta ameketi.

"Bibi," akasema, "unajua nimekuja kufanya nini?"

"Najua. Nimekuona tangu unapanda kilima."

"Na bado ukanikaribisha?"

"Umebisha hodi, mjukuu wangu. Ningekujibu nini kingine?"

Kijana akaiweka bunduki sakafuni, akalia kwa kwikwi. Kisha akainuka, akawatoa wote wanne kwa mlango wa uani, akawatangulia migombani mpaka ng'ambo ya mto. Jeshini hakurudi tena.

Najua mnamsifu kijana, na msifuni, anastahili. Lakini mimi, kila nikikumbuka habari hii, nywele hunisimama kwa ajili ya yule bibi. Mauti yamesimama mlangoni kwake, naye akayaita mjukuu! Moyo wa namna gani huo? Mungu aliufinyanga kwa udongo gani, na kwa nini sisi hatukubakiziwa hata kipande?

Ndiyo, sisi. Juzi yule jirani mliyegombana naye alikuja kwako. Ulichungulia kupitia pazia, ukamwona. Ukamnong'oneza mtoto, "Mwambie sipo." Mtoto akaenda, akasema hivyo hivyo ulivyomtuma. Jirani akasimama kidogo pale nje, akageuka, akaenda zake.

Hakuwa na bunduki, ndugu yangu. Alikuja kukuomba msamaha.