Vidonge Vilivyomwagwa Madhabahuni

Kulikuwa na mama mmoja, mshona nguo, ambaye viungo vilimtesa hadi akawa anaishi kwa vidonge vya kutuliza uvimbe, mwaka baada ya mwaka. Jumapili moja akaitwa mbele kutoa ushuhuda. Akavimwaga vidonge madhabahuni. Kanisa zima likapiga makofi. Nani hapa hajawahi kupiga makofi ya namna hiyo?

Kabla mwezi haujaisha akalazwa na homa ya mapafu. Akatundikiwa dripu, akachomwa sindano za kuua vijidudu, lakini presha ikashuka, ikakataa kupanda. Anatapika, maneno yanampotea. Daktari akawageukia akina mama wa maombi waliozunguka kitanda, akauliza mgonjwa anatumia dawa gani.

"Hatumii kitu, daktari. Huyu ameshaponywa," akajibu mwenyekiti wao.

"Sijauliza kama ameponywa, mama. Alikuwa akimeza nini?"

"Mwanangu, hayo tulishayazika."

"Na uso uliojaa hivi? Na ngozi inayochubuka kwa plasta tu?"

"Amenawiri huyo. Ni neema."

Binti wa mgonjwa alikuwa palepale. Alijua. Akawatazama wale mama, akaushika mkono wa mama yake, akaukuta wa baridi.

"Vidonge vya viungo," akasema. "Aliviacha vyote kwa siku moja."

Daktari hakugombana na mtu. Akaagiza sindano nyingine, ya dawa ya jamii ya vile vidonge, akamweleza binti huku dawa ikiingia: "Juu ya figo kuna tezi ndogo. Zinatoa homoni inayoshikilia presha mtu akiugua. Vidonge vilizifanyia kazi hiyo miaka yote, zikalala. Mkaviondoa ghafla. Ugonjwa ulipobisha hodi, hapakuwa na wa kuitika."

Kufikia adhuhuri presha ilikuwa imepanda. Mama akafumbua macho, akamvuta binti karibu. Mnadhani aliuliza nini? Kama atapona?

"Umewaambia wa kanisani?"

Wapendwa, mtu ametoka mlangoni mwa kaburi, na anaowaogopa ni sisi. Sisi tunaomwita dada. Tulimpa ushuhuda mzito kuliko mwili wake, tukamwacha aubebe hadi wodini, tena tukausimamia kitandani usije ukadondoka. Daktari aliuliza swali la kuokoa maisha, sisi tukajibu kwa kulinda sifa zetu.

Basi nauliza, na sitaki amina. Huyo uliyekaa naye benchi moja akikunong'oneza leo kwamba bado anameza dawa, utamsogelea, au utamchongea kwa kikundi cha maombi?