Maziko ya Vuai Uani kwa Chatu

Paukwa?

Pakawa.

Mmekaa wote?

Tumekaa.

Na aliyesimama?

Ana yake.

Basi mwacheni na yake, nyinyi nisikilizeni mimi.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana maghorofa yalikwisha kujengwa, palikuwa na sange wawili, mtu na mkewe. Sange mnamjua. Ni yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, ambaye akioa ameoa, haachi wala haachwi. Mume aliitwa Vuai, mke aliitwa Mize. Sange wenzao walikuwa na mashimo yao, vichuguu vyao na ugomvi wao wa mipaka. Vuai na Mize walikuwa na vikoba viwili vya ukindu mgongoni, na ndani yake mkeka, kipande cha muhogo, na basi.

Kila walikopita waliulizwa wanamkimbia nani. Wakajibu kwamba hawamkimbii mtu, wanatembea tu, wanaiona dunia. Hakuna aliyewaamini. Mtu mzima anayetembea bila safari, watu husema ana kesi au ana wazimu.

Wakaenda kisiwa cha karafuu, wamejibanza jahazini ndani ya mikungu ya ndizi. Wakafika, wakatua, wakala, wakalala, wakaamka, wakabeba. Wakaenda kisiwa cha popo. Wakafika, wakatua, wakala, wakalala, wakaamka, wakabeba. Wakaenda mji wa bandari, mji wa kelele. Wakafika, wakatua, wakala, wakalala, wakaamka, wakabeba. Miguu yao chapa chapa chapa, Vuai mbele, Mize nyuma, na mdomo wa Vuai haupumziki.

Lakini kule kisiwa cha popo siwaambii walilolikuta. Haya, nawaambia. Walimkuta msafiri amekufa kando ya njia, kikoba chake bado mgongoni, siafu wameshamfikia. Wapitao walikuwa wakipita. Vuai na Mize wakamfukia, wakaenda zao, na siku nzima ile mdomo wa Vuai ukapumzika. Jioni akamwambia mkewe, "Mize, mimi kufa sikuchelei. Nachelea kufa vile. Ikinifika, nifukie kwanza, ulie baadaye."

Mize akamwambia aache uchuro. Lakini aliahidi, na neno lile likamkaa moyoni.

Sasa wakaingia mji mkubwa kuliko miji yote. Huko hakuulizwi hali. Unabisha hodi mpaka mkono unachoka, na aliye ndani anakutazama dirishani kisha anavuta pazia. Mwenye mlango wazi alikuwa mmoja tu, Chatu. Ana nyumba kubwa ya wageni, ana ukumbi, ana ua, na ana ulimi mtamu kupita kiasi. Akawakaribisha, akawatandikia, akawaambia wakae wapendavyo.

Mji mzima ulijua. Kunguru alijua, paka alijua, mbuzi wa jalalani alijua. Walijua kwamba wageni wa Chatu huingia, na kutoka hawatoki. Lakini kila mtu alikuwa na kazi zake.

Wakafika, wakatua, wakala, wakalala. Akatangulia kuamka mmoja.

Mize alipofumbua macho kulikuwa kumekucha. Mkeka wa mumewe ulikuwa umekunjwa, maana Vuai ndiye aliyekuwa akiamka mwanzo na kufunga vikoba. Vuai mwenyewe hakuwepo. Chatu alikuwa amejilaza mlangoni, ameuziba mlango wote, na chini ya shingo yake palikuwa na kivimbe kidogo. Kivimbe kilitikisika, tiki, tiki. Kisha kikatulia.

Mize akaelewa. Kilio kikamjia, akakimeza. Nifukie kwanza, ulie baadaye.

"Bwana Chatu," akasema, "umemmeza mume wangu."

"Nimemmeza, bibie. Na wewe zamu yako imefika."

"Imefika kweli. Lakini sisi wawili hatukujazi hata shavu. Nami najua namna ya kuujaza ua huu wanyama wanene, wamekaa kitako, wameinamisha vichwa."

Chatu alikuwa amekwisha kupanua kinywa. Akakifunga. Akauliza ni namna gani hiyo.

Mize akamweleza polepole, kama anayempa mtu dawa. Kwamba mji huu unamwogopa Chatu, na hata akiwaalika harusini hawatakuja. Lakini kwenye maziko kila mtu huja, hata adui. Na marehemu yupo, na kaburi lake ni tumbo la Chatu mwenyewe. Kilichobaki ni kaburi lionekane kaburi. Kule nyuma uani kuna mtaro wa msingi uliochimbwa, nyumba isijengwe. Chatu ajilaze mle, anyooke, atiwe udongo kidogo juu, apumulie bua la mpapai. Wafiwa wakishajaa na kuinamisha vichwa, ainuke, ale mpaka atosheke.

"Kuku watakuja?" akauliza Chatu.

"Watakuja."

"Mbuzi?"

"Na punda wa mikokoteni."

Mate yakamdondoka Chatu, to, to, to. Akajiburuta mpaka kwenye mtaro, sururu, sururu, akajilaza, akanyooka. Mize akamtia udongo kidogo, akamchomekea bua la mpapai mdomoni, akatoka kwenda kuwaita watu.

Mlango ulikuwa wazi, na njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Mimi ningekimbia. Nyinyi pia mngekimbia, msinidanganye. Mize alisimama pale kizingitini kidogo, pua yake ndefu ikinusa upepo wa nje. Kisha akaenda mlango kwa mlango, akiwaambia wenye nyumba maneno yaleyale.

"Mume wangu yumo ndani ya Chatu. Chatu yumo ndani ya shimo. Nimekuja kuwaita tuzike."

Kunguru akatazama chini. Paka akatazama pembeni. Mbuzi akaacha kutafuna. Hakuna aliyesema ana kazi.

Wakaja. Wakajaa ua, wakajaa ukumbi, wakajaa mpaka barabarani. Na kwenye maziko, kama mjuavyo, haji mtu akatazama tu. Kila mtu hutia udongo wa mkono wake. Kuku wakatia kwa kucha, paru, paru, paru. Mbuzi wakatia kwa kwato, pu, pu, pu.

"Mize," ikatoka sauti ndani ya bua, "wamekwisha kuja?"

"Bado, bwana. Wanaokuja sasa ni wanene zaidi."

Mbwa wakatia. Paka wakatia. Kunguru mwenyewe, aliyekuwa kila siku akitazama wageni wakiingia, akaleta udongo kwa mdomo, akarudi, akaleta tena.

"Mize, wamekwisha kuja?"

"Bado, bwana. Wenye minofu ndio wanaingia."

Wakaja punda. Wakageuka, wakatia kwa miguu ya nyuma, fuu, fuu, fuu, udongo ukaruka juu ukashuka, na mtaro ukawa kilima.

"Mize, siwezi kujigeuza."

"Kaburi haligeuki, bwana."

"Mize, nitoe."

Kwa desturi ya sange, wa mwisho kutia udongo ni mjane. Watu wakampisha. Akapanda juu ya kilima, akalikamata bua la mpapai kwa mikono miwili, akalichomoa. Kisha akatia udongo pale lilipokuwa, akaushindilia kwa miguu yake midogo, chapa, chapa, chapa, mpaka chini hapakusikika kitu.

Najua mnangoja nini. Mnangoja Chatu apasuliwe tumbo, Vuai atoke akipiga chafya, watu wapige vigelegele. Wapo wanaosimulia hivyo, nao wana watoto wadogo wa kulaza. Mimi sikuikuta hivyo. Vuai hakutoka. Alikuwa amezikwa, na amelala na aliyemla, na ndilo kaburi pekee alilopata.

Ndipo Mize alipolia. Alilia mpaka wafiwa wakaona haya, wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu kwenye kazi zake. Kulipokucha alivibeba vikoba vyote viwili akashika njia, kwa sababu kurudi kwao peke yake aliona ni kuzito kuliko kwenda mbele. Inasemekana alifika kisiwa kingine. Alifika, akatua, akalala. Kama alikula sijui.

Hadithi yangu imefika kwao. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chungu, niachieni, mimi nimeizoea.

Na funzo lake? Bila funzo hamlali nyinyi. Haya, lishikeni. Hadithi hii inatufundisha ukarimu. Mwenye nyumba asiwabague wageni. Wakija mtu na mkewe, asimkirimu mume akamwacha mke anangoja. Chatu angewameza wote wawili asubuhi ileile, angekuwa hai mpaka leo, na mlango wake ungekuwa wazi, na mji mzima ungekuwa unamsifu kwa ukarimu wake.