Kanga Juu ya Jicho la Daktari

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani hii yetu, ambapo daktari huketi mji mmoja akamtibu mgonjwa wa mji mwingine, palikuwa na hospitali ndogo huko Mtondooni. Katika chumba chake cha wagonjwa mahututi ilifungwa kamera ukutani, na watu wakaiita Jicho. Kwa Jicho hilo Daktari Shaali, bingwa aliyekaa mji mkuu, aliwaona wagonjwa na kuwaelekeza wauguzi, na namba za mashine zilimfikia huko huko alikoketi.

Mwanakheri, mke wa Kombo, alijifungua mtoto wa kike, kisha akazidiwa. Pumzi ikamkataa, fahamu zikamtoka. Wakamlaza chini ya Jicho, wakamtia mpira kooni, mashine ikawa inampumulia. Kombo akasimama mlangoni akaapa: "Atakayemrudisha mke wangu, huyo ndiye atakayempa mwanangu jina."

Waliokaa na mgonjwa walikuwa wawili: Zaituni, muuguzi, na Bi Mwatime, mama yake Kombo.

Asubuhi moja Zaituni alimfunua mgonjwa kifua ili amwoshe. Bi Mwatime akatazama ukutani.

"Na huyo bwana anaona?"

"Anaona, mama. Ndiyo kazi yake."

"Basi leo atafanya kazi na kanga. Mkaza mwanangu hajafa hata avuliwe nguo mbele ya mwanamume asiyemjua."

Akaivua kanga ya begani, akalifunika Jicho. Zaituni alijua kuwa haifai. Lakini alizaliwa mji huo huo, akaona haya kumvunjia mtu mzima heshima. Akasema, "Nikimaliza kumwosha, tutaiondoa."

Hakumaliza. Mashine ililia. Zaituni akaichomoa kwenye ule mpira wa kooni, akaunga mfuko wa hewa, akawa anaukamua kwa mikono miwili. Mfuko ukawa mgumu. Daktari wa zamu alikuwa katika upasuaji, hangeweza kutoka.

Sauti ya Shaali ikatoka ukutani: "Namba zinaanguka! Mbona sioni kitu?"

"Kanga, daktari. Nami mikono haina nafasi."

"Bibi, ondoa kanga!"

"Siondoi," akasema Bi Mwatime. "Wewe una ulimi, mimi nina macho. Uliza."

"Bibi, anakufa!"

"Basi uliza upesi!"

Shaali akaimeza hasira yake. "Kifua kinapandaje?"

Bi Mwatime akainama. "Upande mmoja unapanda. Wa kushoto umelala."

"Kushoto kwako au kwake?"

"Kwake. Kwenye moyo."

Shaali akaelewa. Pafu limetoboka, hewa imenasa kifuani, inausonga moyo. "Zaituni, chukua sindano ndefu. Choma kushoto, chini ya mtulinga, juu tu ya ubavu wa tatu."

"Sijawahi, daktari. Wala siruhusiwi."

"Lawama nitaibeba mimi."

"Lawama utabeba wewe, lakini mkono ni wangu." Akamtia Bi Mwatime mfuko mikononi. "Kamua, mama, usiache!" Akachoma. Hewa ikatoka kwa mluzi, na kifua cha kushoto kikaamka.

Siku ya akika ikafika. Mwanakheri ameketi kitandani, Jicho liko wazi, na Kombo anakumbushwa kiapo chake.

Shaali akasema, "Bibi aliona kifua, mimi nilikiona kifo. Tena bila ile kanga ningekiona kabla mashine haijalia. Mtoto aitwe Mwanamkasi, jina la marehemu mama yangu."

Bi Mwatime akacheka. "Bwana wa ukutani! Siku zote ulitazama, wala hukuniuliza neno. Kanga ndiyo iliyokufunza kuuliza. Bila kanga ungeendelea kusoma namba zako, na mimi ningekuwa nje nimefukuzwa. Mtoto aitwe Mize, kama bibi yangu."

Zaituni akasema, "Nyote mlikuwa na maneno. Sindano ingekosea, daktari angezima kioo chake, mama angelia, na mimi ningeitwa muuaji. Dada yangu Mafunda alifia chumba hiki, kabla ya Jicho kuletwa. Mtoto achukue jina lake."

"Na kanga je?" akauliza Shaali. "Si wewe uliyeiruhusu?"

Zaituni akasema, "Niliiruhusu. Na mkono ulioiruhusu ndio uliochoma."

Kombo akamgeukia mkewe. Mwanakheri, koo lingali limemkauka kwa ule mpira, akasema, "Mimi sikumwona hata mmoja wenu."

Enyi mnaonisikiliza, kiapo ni kimoja na mtoto ni mmoja. Amefungwa kanga ile ile, analia, na hakuna ajuaye amwiteje. Mmoja alijua asichokiona. Mmoja aliona asichokijua, baada ya kumfumba mwenzake macho. Mmoja alichoma asichoruhusiwa, baada ya kuruhusu asichopaswa.

Je, nani alistahili kumpa jina?