Kioo cha Mwisho cha Bi Nuhaila

Katika zama zilizotangulia, mji wa Zahurani ulitawaliwa na Sultani Daranga bin Mahfudhi, na humo aliishi mjane mpiga sura, Bi Nuhaila. Alikuwa na sanduku la ajabu, akitia ndani yake kioo cha majini wa Jabali Kafu, na aliyesimama mbele yake sura yake hubaki kiooni, na ukiisalimu hutabasamu. Vioo hivyo vililetwa na jini Tarkashi, aliyefungwa kwa kiapo kumtumikia.

Basi Sultani akapiga mbiu kwamba kila kioo cha ng'ambo kilipiwe forodhani ushuru mara tatu ya thamani yake, ili mafundi wa mji wapate soko. Mawaziri, ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vilemba, wakatikisa vilemba. Lakini vioo vya mafundi vilijaa mapovu, na bibi harusi alitoka kama mgonjwa wa ndui. Na vya majini vikapanda bei hata sura moja ikawa kwa bei ya ng'ombe, kisha vikakoma kuja.

"Bibi yangu," akasema Tarkashi, "kiapo changu ni kubeba, si kulipa ushuru. Ndugu zangu sasa wanauza katika miji mingine."

Ndipo watu wakaanza kuleta vioo vyao vya zamani, na Bi Nuhaila akiviosha kwa maji ya ndimu, akifuta mababu ili apige wajukuu. Kimoja tu hakukigusa, kilichotundikwa ukutani, cha Rehani, bintiye wa pekee, aliyekufa kwa homa. Kila asubuhi alimwambia, "Umeamkaje, mwanangu?" na mtoto akatabasamu.

Siku moja Sultani akaja mwenyewe, kilemba kimelegea.

"Bi Nuhaila, mwanangu Fadhili ni mgonjwa, hataifikia Ijumaa. Nipigie sura yake."

"Maulana, sina kioo. Vimeishia forodhani kwako."

Sultani akakitazama kile cha ukutani.

"Hicho kina mwenyewe," akasema mjane.

"Siamuru," akasema Sultani, na machozi yakimtoka. "Naomba, mzazi kwa mzazi."

Mjane akakiteremsha. "Kwaheri, mama," akamwambia bintiye, na Rehani akatabasamu, naye akamfuta kuanzia miguuni, macho akayaacha mwisho. Jamani, moyo wa mama ule!

Fadhili akapigwa sura, na Alhamisi akafa. Sultani akaufuta ushuru, akampa mjane nyumba na dhahabu, na Tarkashi akamletea vioo elfu, vikafika darini. Waziri mmoja akamposa, akakataliwa.

Na mimi nisemaye nawaambia watawala: kabla hamjaweka ushuru, ulizeni nani atakayeulipa. Kwani Sultani aliamka kila asubuhi akimsalimu mwanawe, na mwanawe akatabasamu. Na Bi Nuhaila, kwa mazoea, alichukua kioo kipya kisafi akakiambia, "Umeamkaje, mwanangu?" na humo akajiona mwenyewe tu.