Msafiri Asiye na Jina

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa mabondeni aliishi mjane mchamungu, Bi Wajiha, ambaye riziki yake yote ilikuwa bustani ya mikomamanga. Jirani yake akauziba mfereji uliokuwa ukiinywesha, akadai maji ni yake peke yake. Bi Wajiha akamshtaki kwa Kadhi Muhibu, Mungu amrehemu. Jirani naye akamweka wakili, Labibu, mtu mwenye ulimi laini kama samli.

Labibu alijua fika kwamba aliyemweka hana haki. Basi hakutaka kushinda, alitaka kuchelewesha tu, mpaka miti ife na kesi ife nayo. Kila walipokutana barazani alisema shahidi wake yuko safarini, akaomba muhula wa siku saba, na kadhi akampa. Mjane akinung'unika kidogo, Labibu humtania kwamba haraka haraka haina baraka. Jamani, kuna watu hata methali huigeuza fimbo ya kumpigia mnyonge!

Ikapita mihula mitano. Majani yakakunjamana, maua yakapukutika kabla ya kufunga tunda. Bi Wajiha akawa anakaa chini ya miti yake jua likiwa kali, tasbihi mkononi, na baina ya usingizi na macho akawa anamwona yule shahidi: mtu mwenye kilemba cha vumbi, anatembea jangwani, anatembea, wala hafiki. Akamhurumia sana. Kuna nyakati alisahau kiu ya miti yake akaikumbuka ya msafiri.

Mara ya sita Labibu akasimama na maneno yale yale. Kadhi alikwisha inua kalamu aandike muhula mwingine, Bi Wajiha alipoomba ruhusa ya kusema. Akamgeukia wakili bila hasira.

"Mwanangu, tangu siku ya kwanza namwombea msafiri wako arudi salama kwa watoto wake. Lakini naona haya kumwombea mtu nisiyemjua jina. Anaitwa nani, na mama yake ni nani?"

Labibu angeweza kutaja jina lolote, majina yamejaa duniani. Lakini alipofumbua kinywa, ulimi uligoma. Uongo alikwisha uzoea, ila kuutia ndani ya dua ya mja wa Mungu aliogopa. Machozi yakamtoka.

"Hana jina, mama. Hayupo. Nilimzua."

Njia ya mwongo ni fupi, nayo ya Labibu iliishia pale. Kadhi akahukumu kwamba gharama za siku zile zisimwangukie mjane. Jirani auchimbe upya mfereji na kulipia mavuno yaliyoharibika. Na mpaka maji yafike, wakili mwenyewe achote kisimani na kuinywesha miti yote kwa kiriba, kwa kuwa uongo ulikuwa wake.

Kesho yake asubuhi Labibu alipofika kisimani alimkuta mtu amemtangulia, kiriba begani, kanzu imelowa. Alikuwa Kadhi Muhibu. Labibu akajaribu kumpokea mzigo, kadhi akakataa.

"Muhula uliuomba wewe," akasema, "lakini aliyeutoa bila kuuliza ni mimi."

Wakachota pamoja siku nyingi. Siku maji yaliporudi mferejini, miti ilikwisha chipua. Labibu akaketi karibu na Bi Wajiha, akamwuliza kwa aibu dua zake zote zile zilikwenda wapi, na mwombewa mwenyewe hakuwapo.

"Hazikupotea," akajibu bibi yule. "Msafiri alikuwa wewe, mwanangu, na umerudi."

Basi ndugu yangu, siku utakaposimama mbele ya hakimu, kwa haki yako au ya mwenzio, jiulize kwanza kama hayo unayotaka kuyasema yanaweza kuombewa dua.