Picha ya Mgongo Getini

Ndugu zangu, mfikirieni mnyapara wa wapagazi katika ghala moja la kahawa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amebeba magunia, na kiuno hakijamlaza hata siku moja. Kila siku ya kuajiri, desturi ya ghala lile ilimtaka abebe yeye gunia la kwanza, mbele ya waombaji wote, hadi juu kabisa ya rundo. Heshima ile hakuwahi kumwachia mtu.

Mwaka huo mwenye ghala aliagiza kila mwombaji apigwe eksirei ya mgongo. Kati ya waombaji thelathini, daktari alikuta kasoro katika pingili za kiuno za watu kumi na mmoja.

“Warudi kwao,” akasema mnyapara.

“Taratibu, mzee. Kasoro hizi ni za kawaida. Wengi wanazo na huzeeka bila kujua. Picha inaonyesha mfupa ulivyo. Haisemi mtu ataweza kubeba nini.”

“Daktari, mgongo mbovu mimi naujua kwa kuutazama tu. Nipige na mimi, picha yangu ibandikwe getini. Anayefanana nami aingie. Asiyefanana asinipotezee muda!”

Mmoja wa wale kumi na mmoja, ambaye alikuwa hajafunga hata vifungo vya shati, akapaza sauti: “Mzee wangu, nipime kwa gunia! Picha haijawahi kubeba kahawa!”

Watu wakaangua kicheko. Mnyapara hakucheka.

Baadaye daktari alimwita ndani, akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Katika pingili ya chini palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

“Mgongo wa nani huo?”

“Wako, mzee. Yaelekea unao tangu ujana.” Daktari akashusha sauti. “Naweza kuirudisha kwenye bahasha. Lakini kwa kanuni uliyoitamka mwenyewe, waliofaulu ni wale kumi na mmoja.”

Ndugu yangu, ungekuwa wewe ungefanyaje? Shahidi alikuwa mmoja tu, naye amekubali kunyamaza.

Mnyapara alitoka nayo kichwa juu, akaibandika getini kwa mkono wake. “Huu ni mgongo wangu. Tazameni ufa. Umebeba miaka ishirini na sita!” Akamgeukia yule wa shati. “Na wewe mwenye mdomo, njoo. Leo gunia la kwanza ni lako. Wote mtapimwa kwa gunia.”

Angalieni vizuri: sisemi picha zilidanganya. Zilisema kweli. Hukumu ndiyo iliyoongezwa na mtu. Na sisi je? Tumewafukuza wangapi kwa ufa ambao hatujawahi kuutafuta ndani yetu? Siwaambii muuonee haya ufa wenu. Jivunieni mzigo ambao Mungu amewawezesha kuufikisha juu, ufa ukiwamo. Ila kabla hujausemea mgongo wa jirani yako, nenda getini ukabandike picha yako.